Walituuzia darasa la mikoko siku ya maji mafu

Niseme mapema: sirudi kwa hawa watu, na mzazi mwenzangu akiniuliza nitamwambia asiende. Wanajitangaza kuwa waandalizi wa safari za masomo kwa watoto wanaosomea nyumbani. Bei yao si ya mchezo, na tuliilipa yote kabla ya kuondoka Mombasa kwa sababu ndivyo wanavyotaka. Jina lao silitaji.

Basi lilichelewa, chakula cha mchana kikafika kimepoa. Hayo hutokea, sina ugomvi nayo. Kilichonikasirisha ni kijana mmoja waliyemkabidhi darasa la mikoko, na maneno aliyomwambia binti yangu mbele ya watoto wenzake. Kila nikiyakumbuka hasira zinanipanda upya.

Binti yangu ana miaka tisa. Tulimtoa shule baada ya kuona amegeuka mtoto wa kunyamaza. Huyu alikuwa wa maswali tangu anajifunza kusema, lakini akawa anakwenda na kurudi bila neno; ukimwuliza leo mmesoma nini, anainua mabega tu. Nyumbani amerudi kuwa yeye. Hesabu na Kiingereza anasoma na mimi asubuhi. Bahari anasomeshwa na babu yake, baba yangu mimi, ambaye amevua samaki Gazi tangu ujana wake na amemzoesha kuutazama mwezi kabla ya kuuliza habari za maji. Mtu atasema: kama babu yupo, mlilipa pesa za nini? Tulilipia wenzake. Mtoto wa kusomea nyumbani anaweza kusoma kila kitu na bado akakosa watoto wa kubishana nao, na hawa waliahidi kundi la rika lake, hadubini, na walimu wanaojua wanachofundisha.

Siku ya kwanza ilikuwa Gede, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, na kwa haki ya Mungu siku ile sina neno baya. Mama aliyewaongoza watoto hakuanza kwa kuwahutubia. Aliwapa kamba, akawaambia wapime vyumba vya zile nyumba za mawe, urefu na upana. Wakatawanyika kwenye magofu, kima wakiwatazama kutoka juu ya kuta. Walirudi wote na habari moja: vyumba ni virefu, lakini ni vyembamba mno. Akawauliza: watu hawa walikuwa na misikiti ya mawe, visima, na vyombo vya kauri kutoka China. Kwa nini wajibane namna hii? Watoto wakabuni. Joto. Wezi. Mawe yaliisha. Mama akakataa kata kata kuwapa jibu. Akasema jibu limesimama majini, kesho mtalikuta Mida, kwenye hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu.

Halafu akawapeleka kwenye kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria. Akawaeleza kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa Januari hadi Desemba kwa siku kama 11, kwa hiyo ukitaka kuugeuza kwa makadirio, toa asilimia tatu, kisha ongeza 622. Binti yangu akachuchumaa, akachukua kijiti, akaandika mchangani: 802, toa 24, 778, ongeza 622. Akapata 1400. Mama akamwambia vitabuni imeandikwa 1399. Mtoto akagoma kuinuka mpaka aambiwe mwaka mmoja umepotelea wapi. Yule mama hakumkemea wala hakuangalia saa. Alichuchumaa naye pale pale, wakazungumza, mpaka mtoto mwenyewe akagundua kwamba mwaka wa Hijria hauanzi Januari, basi 802 ulianza ndani ya 1399 ukaishia ndani ya 1400. Nilimtazama binti yangu uso ulivyomng'aa nikasema moyoni, pesa zetu zimerudi.

Usiku huo pale Watamu hakulala. Alikuwa na swali lake la vyumba.

Kesho yake saa nne asubuhi tukafika Mida. Niliposhuka garini tu nikaona maji. Yalikuwa yamejaa ndani ya mikoko, yamefunika mizizi, hakuna hata kipande cha tope cha kukanyaga. Na darasa tulilouziwa ni la topeni: watoto waingie peku, wachimbue, wamtazame kaa dume na lile gando lake moja kubwa, wachote maji ya vidimbwi wayatazame kwa hadubini.

Sasa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu wao wamejaribu kunifanya nionekane ninalalamikia hali ya hewa. Mwezi ulikuwa nusu. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi havivuti bahari kwa mstari mmoja, kwa hiyo maji hayapandi sana wala hayatoki sana. Hayo ndiyo maji mafu, kila mvuvi anayajua. Zaidi ya hapo, huku pwani ya Kenya siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo saa nne na saa tano asubuhi maji yanakuwa yametoka mbali kabisa. Siku za maji mafu, saa hizo hizo ndipo yanapojaa. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50, na mzunguko huo haujawahi kukosa. Majedwali ya maji huchapishwa mwaka mzima mapema. Mtu anayeuza darasa la ufukweni bila kuyafungua amemwibia mzazi, na neno hilo silirudishi nyuma.

Yule kijana hakusema samahani wala hakutafuta njia nyingine. Alitandika mikeka chini ya mti, akagawa makaratasi yenye picha ya kaa na kalamu za rangi. Watoto wenye akili zao, waliotolewa Mombasa na Kilifi, wakakalishwa hatua chache kutoka kwenye hori yenyewe wapake rangi kaa wa karatasi. Hadubini haikutoka ndani ya sanduku.

Binti yangu akanyoosha mkono. "Mwalimu, maji yatatoka saa ngapi?"

"Yatatoka. Paka rangi kwanza."

Akapaka. Alipomaliza akanyoosha tena, kwa adabu, kama tulivyomfundisha. "Mwalimu, lakini jana usiku mwezi ulikuwa nusu. Babu anasema mwezi ukiwa nusu, asubuhi maji yanajaa. Hayatatoka mpaka jioni."

Kijana akacheka kidogo, akawageukia watoto wengine, akasema: "Hawa wa kusomea nyumbani ndio shida yao. Ungekuwa unaenda shule ungefundishwa kunyamaza mwalimu akiongea."

Mtoto akashusha mkono. Akachukua kalamu ya kijani akaendelea kumpaka kaa yule yule aliyekwisha kumpaka.

Nilimwita yule kijana pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, mtoto amekuuliza swali la maana, na amesema kweli. Mjibu." Akanijibu, "Mama, nina kundi zima hapa, siwezi kubishana na mtoto mmoja." Mzazi mwenzangu akanishika mkono: yaache, ni kijana tu. Mimi siyaachi! Mtu huyo analipwa na watoto wa kusomea nyumbani. Mshahara wake unatoka kwenye mifuko yetu sisi anaotudharau. Kila siku tunajieleza kwa jirani, kwa shangazi, kwa mtu wa kwenye foleni anayeuliza mbona mtoto hayuko shule saa hizi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na wengi wetu tunaishi na wasiwasi huo kichwani. Tunalipa tukafike mahali ambapo, angalau kwa siku mbili, mtoto hataulizwa kwa nini yuko hivyo alivyo. Kisha anaambiwa anyamaze, na mtu wetu wenyewe. Mtoto niliyemtoa shule kwa sababu ya kunyamaza.

Asubuhi ile iliokolewa na mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa ameketi kivulini akisuka dema, mtego wa samaki. Hakuwa wa kwao na hawakumlipa kitu. Alikuwa amesikia yote. Binti yangu alipompita akamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye unayejua mwezi? Njoo, waite na wenzako."

Akawachukua watoto wanne watano hadi pembeni, pale ulipo mchu, aina mojawapo ya mikoko, ulioinamia nchi kavu. Akachuma jani, akawaambia walambe upande wa chini. Wakalamba: chumvi! Akawaeleza kwamba mchu hunywa maji ya bahari, kisha huitoa chumvi kupitia majani yake, ndiyo maana unaweza kuishi mahali ambapo mwembe ungekufa. Akawaonyesha mbegu za mkoko zinazochipua zikiwa bado zinaning'inia mtini, ndefu kama penseli, zikisubiri kuanguka na kujichomeka. Halafu akaupiga kofi mti mmoja ulionyooka, akasema, "Hii ndiyo boriti. Nyumba zote za zamani, Lamu, Mombasa, dari zake zimelala juu ya mti huu."

Binti yangu alisimama akimtazama. Akauliza inakuwa na urefu gani. Mzee akanyoosha mikono, akapiga hatua moja na nusu, akasema inayofaa kubeba dari la mawe na chokaa haizidi hapa. Mtoto akapiga ukelele. Vyumba vya Gede! Vyembamba kwa sababu ya mti! Chumba hakiwezi kupita boriti!

Kwa hiyo jibu la jana lilipatikana, na maji yakiwa yamejaa vile vile. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Darasa lingewezekana. Miti ilikuwepo, majani, mbegu, hata maji yenyewe ya kutia kwenye hadubini yalikuwa miguuni pao. Aliyekosekana ni mwalimu.

Hapa ndipo ninapovurugika, maana nilianza kwa kusema msiende. Yule mama wa Gede ni mwalimu ambaye sijaona mfano wake, na ni wao waliomleta. Wangenipa yeye siku zote mbili ningelipa tena, na ningewapigia debe kwa kila mzazi ninayemjua. Binti yangu bado anageuza miaka ya Hijria kila anapoona tarehe msikitini. Siku ile moja imemfundisha kuliko muhula mzima wa vitabu. Basi pengine nendeni. Nendeni Gede na yule mama, muulize kwanza ni nani atakayewapokea watoto, na tarehe ya ufukweni mkaishike mkononi mkitazama mwezi kabla hamjatoa hata shilingi.

Lakini nilipowapigia simu, mkuu wao aliniambia, "Mama, bahari haiko mikononi mwetu." Nikamjibu bahari haiko, ila tarehe mliichagua wenyewe. Akasema kijana ni mgeni wa pwani, hajazoea. Mgeni wa pwani, mkamfanya mwalimu wa bahari? Na hata kama bahari haijui, adabu kwa mtoto nayo inahitaji uzoefu wa pwani? Hapo nikarudi nilikoanzia. Hapana. Msiende, mpaka watu hawa wajifunze kuzungumza na watoto.

Wamekubali kurudisha nusu ya pesa. Nimewaandikia zikae kwanza. Nataka yule kijana ampigie simu binti yangu, yeye mwenyewe, si mimi, amjibu maji yangetoka saa ngapi siku ile. Hadi ninapoandika haya hajapiga, na pesa sijazipokea.