Gari langu liliniona mwizi

Bado nina hasira, mnisamehe. Gari langu ni la Kimarekani, la miaka ya tisini, lile ambalo ufunguo wake una kidude cheusi kimezama kwenye chuma. Kidude hicho ni rezista, yaani kitu kinachobana umeme, na ndio mfumo wa gari wa kuzuia wezi. Ukiuchomeka ufunguo, gari linapima omu zake, yaani umeme unabanwa kiasi gani. Zisipolingana na zile linazozijua, stata haizunguki, mafuta hayaendi, na wewe unakaa dakika tatu hivi ndipo ujaribu tena. Vipimo vyenyewe viko 15 tu, kuanzia omu 402 hadi 11,800.

Sasa fikiria baridi ya Minneapolis, usiku, nje ya duka, maziwa ya mtoto yako kwenye kiti cha nyuma. Nazungusha ufunguo: taa zinawaka, redio inaimba, stata kimya. Dakika tatu. Kimya. Tatu nyingine. Mara ya nne likawaka kama vile halikunifanya kitu.

Nikanunua betri mpya. Hela ya bure. Nikalipeleka gereji kubwa, ya wenyewe kabisa. Kijana wa mapokezi hakuinua hata kichwa: "Hili gari ni lako kweli?" Na kadi ya gari nimeishika mkononi! Yaani gari linaniona mwizi, na huyu naye mwizi. Kisha, boneti haijafunguliwa, akanitajia kompyuta mpya, swichi mpya, funguo mpya. Bei yake kuliko niliyonunulia gari lenyewe.

Nikaondoka bila kuaga. Nikatafuta mita ya bei chee, nikapima funguo zote mbili: omu 2,370, hii na hii. Kwa hiyo funguo ni nzima. Nikalala chali chini ya usukani, nikapima kwenye soketi ya zile nyaya mbili zinazotoka pale ufunguo unapoingia. Namba inakuja. Shusha usukani, namba inapotea. Nyaya zenyewe nyembamba kama uzi wa cherehani, na zinajikunja kila unapozungusha ufunguo, miaka yote hiyo! Aliyezibuni sijui aliwaza nini. Rezista ya omu 2,370 ni ya senti tu. Nikailehemu upande unaokwenda kwenye kompyuta, nikazisahau zile nyaya.

Tangu siku hiyo linawaka mara moja. Mfumo huu nyota moja. Hapana, nusu.

Ila niseme ukweli, sasa gari linaamini ufunguo wowote wenye meno kama ya wangu, na usiku nimeanza kuchungulia dirishani kuona kama lipo. Kumbe nilikuwa nalala. Basi nyota tatu, wazo lilikuwa zuri, nyaya ndizo takataka. Mbili na nusu, kwa ajili ya ile baridi.

Yule kijana wa mapokezi, sifuri.