Ziara ya Dunga, Kit Mikayi na Kakamega: nyota tano kwa vile wanasaidiana

Ukifika Kisumu na unatafuta mtu wa kukuzungusha, anzia kwa vijana wa boti pale Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria. Asubuhi yetu magugu maji yalikuwa yamefunga ufuo, si mnajua upepo ukigeuka yanajaa usiku mmoja tu na boti haitoki, nikajua hapa pesa imeenda. Jamaa akapiga simu, akaongea Kijaluo kidogo, mwenzake wa ufuo mwingine akatuchukua kwa bei ile ile. Mambo ya kugawana walimalizana wenyewe, sisi hatukuongezwa hata shilingi.

Na kazi wanaijua. Kwenye mafunjo alizima injini akatuambia tulieni, kidogo kidogo akatoka ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano, huyo haishi kwingine ila kwa mafunjo.

Tulipotaka Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana, kijana huyo huyo wa boti akatuunganisha na dada anayeongoza wageni kule. Tunashuka kwa matatu ya Bondo tukamkuta barabarani anatungoja, majina yetu anayajua na ameshaambiwa mamangu hapandi mawe, akampitisha njia ya chini polepole hadi kwa akina mama wanaoimba, mamangu akacheza nao mpaka tukamngoja sisi! Dada naye ndiye alitupa namba ya mtu wa msitu wa Kakamega.

Kwingine nimeona mgeni anavutwa mkono huku na huku na kila mtu anamponda mwenzake. Hawa wameelewa kitu. Wageni wengi wa huku hulala usiku mmoja wakaelekea Maasai Mara kwa sababu hakuna anayewaambia mbele kuna nini, na kuna kisiwa cha Ndere, kuna Kakamega, kuna Thimlich Ohinga, boma la kale la kuta za mawe kule Migori, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018. Mgeni akipokezanwa hivi analala zaidi, na wa boda na wa samaki pia wanapata.

Warekebishe bei, haijaandikwa popote, unaambiwa tu kwa mdomo. Na waseme mapema kwamba Ndere ni mbuga ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ada ya kuingia ni kando na pesa ya boti, sisi tuliambiwa tukiwa tushavaa laifujaketi.

Samaki agizeni kabla ya kupanda boti, mkirudi mtakuta imeiva.