Pampu ya Kukamulia Maziwa: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe Dukani

Mama mwajiriwa nchini Tanzania hupewa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, ilhali inashauriwa mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Pengo hilo la takriban miezi mitatu ndilo linalowapeleka wengi dukani kutafuta pampu, na ndilo linalopaswa kuongoza uchaguzi. Kabla ya kuuliza bei au jina la kampuni, mama ajiulize atakamua mara ngapi kwa siku, na atakamulia wapi.

Kwa anayekaa mbali na mtoto siku nzima ya kazi, nafasi ya kwanza naipa pampu ya umeme yenye vikombe viwili na betri ya kuchaji. Matiti yote mawili hukamuliwa kwa pamoja kwa dakika 15 hadi 20 hivi, na kwa kuwa sheria ya kazi ya Tanzania humruhusu mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, kila dakika inayookolewa ina thamani yake. Betri nayo isihesabiwe kuwa anasa, maana umeme ukikatika mchana matiti hayaachi kujaa, na maziwa yanayobaki ndani mara kwa mara huuambia mwili upunguze kuyatengeneza. Mnunuzi asome maelezo ya boksi kwa makini: Spectra S1 na S2, kwa mfano, hufanana karibu kwa kila kitu, lakini S1 ina betri ndani yake na S2 hutegemea waya.

Katika kundi hilo, ichaguliwe ile yenye mfumo uliofungwa, yaani yenye kizuizi kati ya maziwa na mota. Pasipo kizuizi, maziwa na unyevu hupenya kwenye mipira ya hewa hadi ndani ya mashine, ukungu huota, na hakuna namna ya kupafikia mahali hapo kwa sabuni wala maji ya moto. Kwa sababu hiyo pampu ya mfumo wazi haifai kuazimwa wala kununuliwa mtumba, hata kama mwenyewe ni dada yako wa tumbo moja.

Nafasi ya pili ni ya pampu ya mkono yenye mpini, na najua wapo watakaoshangaa kuiona juu ya ile ya umeme ya kikombe kimoja. Ni nafuu, haina kelele, vipande vyake ni vichache vya kuosha, na kwa anayekamua mara moja au mbili kwa siku inatosha kabisa. Ya umeme ya kikombe kimoja, ninayoiweka ya tatu, huupumzisha mkono lakini haipunguzi muda. Ya nne ni ile inayovaliwa ndani ya sidiria: humwacha mama huru, lakini bei yake ni kubwa, na ikikaa upande kidogo maziwa humwagika. Ya mwisho, ambayo singeinunua kwa bei yoyote, ni ile ya kubonyeza mpira wa duara kama honi ya baiskeli. Nguvu yake ya kuvuta haipimiki na maziwa huingia ndani ya mpira usioweza kusafishwa vizuri. Mama aliyekosa fedha ya pampu nzuri ni heri akamue kwa mikono iliyooshwa, njia ambayo katika siku za mwanzo, maziwa yakiwa mazito na machache, mara nyingi huishinda mashine.

Hata pampu bora huumiza ikiwa kikombe hakimkai mama. Pampu nyingi huja na kikombe cha milimita 24, lakini chuchu hazilingani, na hata za mama mmoja huweza kutofautiana. Upimwe upana wa kitako cha chuchu kwa rula kabla ya kwenda dukani. Wakati wa kukamua, chuchu isogee bila kusuguana na ukuta wa kikombe. Mama akiona michubuko au weupe kwenye chuchu, abadilishe kikombe badala ya kuongeza nguvu ya mashine.

Sehemu ya bajeti ibakie kwa mfuko wa kutunzia ubaridi wenye barafu. Maziwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, kiwango ambacho Dar es Salaam na Mombasa hukipita mchana wa kawaida. Kwenye friji hukaa hadi siku nne.

Mwisho, muuzaji aulizwe kuhusu vipuri, hasa vali ndogo za silikoni. Vali ikichoka mvuto hupungua, na wengi huilaumu mota na kununua mashine nyingine, kumbe kilichohitajika ni kipande kisichozidi ncha ya kidole. Duka lisilouza vali za pampu linayoiuza, liachwe.