Kitambaa, Ndoo au Sabuni: Nini Hasa Kinakwaruza Rangi ya Gari Lako?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna ndoo mbili za lita 20, wavu wa plastiki wa kuweka ndani ya ndoo, glavu ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi nyembamba sana), sponji ya njano, kipande cha fulana kuukuu, shampuu ya gari, sabuni ya unga ya kufulia, taulo la kukaushia na bunduki ya povu. Tutavipitia, na nitakwambia kipi ununue na kipi ukiache dukani.

Kwanza sogea karibu na boneti hii nyeusi. Nimewasha tochi ya simu. Unaiona ile michirizi myembamba iliyouzunguka mwanga kama utando wa buibui? Nikiisogeza tochi, duara linaifuata. Maana yake michirizi imejaa boneti nzima na imelala kila upande, ila mwanga unaonyesha ile tu iliyolala kwa kuuzunguka. Hayo si matawi ya barabarani wala watoto wa mtaani. Ni kuoshwa na kufutwa, wiki baada ya wiki.

Magari mengi tunayoendesha yana praima, yaani rangi ya msingi, juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Ukijumlisha yote unapata takriban mikroni 100 hadi 150, mikroni moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita, na klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Kwa hiyo kinachoilinda rangi yako ni chembamba kuliko unywele. Na mchanga wa kawaida una madini ya kwatzi, ambayo ni magumu kuliko kisu cha jikoni. Fundi akipiga polishi kuondoa michirizi anaikwangua klia mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Klia haioti tena. Ndiyo maana swali langu kwa kila kifaa hapa ni moja: chembe ya mchanga ikishatoka kwenye rangi, inakwenda wapi?

Tuanze na fulana. Kitambaa hiki kimefumwa bapa, chembe haina pa kuzama. Inabaki katikati ya kitambaa na rangi, na wewe unaikokota kutoka taa ya mbele mpaka buti. Mbaya zaidi ni huu mshono wa pindo, ushike uone ulivyo mgumu. Sponji ya njano nayo inavutia kwa sababu inabeba maji mengi, lakini uso wake umenyooka. Chembe inanasa kwenye mdomo wa tundu na kukaa hapo hapo ikikwaruza. Glavu ya maikrofaiba ina nyuzi ndefu kama hizi, chembe inazama kati yake na kuiacha rangi iguswe na ncha laini za nyuzi.

Usiniamini kwa maneno. Hizi ni CD tatu za zamani, na nimenyunyizia kila moja mchanga mkavu kiasi cha ncha ya kijiko. Nafuta mara tatu tu, bila kukandamiza: fulana, sponji, glavu. Inamisha kwenye mwanga. Ya fulana imekwaruzika vibaya, ya sponji imepona kidogo tu kuliko hiyo. Sasa tazama ya glavu: nayo ina michirizi. Michache, lakini ipo. Hapa ndipo wengi wanapotea, wananunua glavu nzuri kisha wanalivamia gari lenye vumbi la Dodoma. Glavu inasaidia kwa mchanga uliobaki. Mchanga mwingi lazima uondoke na maji kabla hujagusa rangi.

Ndoo mbili, basi. Moja ina maji na shampuu, nyingine maji matupu. Unachovya glavu kwenye shampuu, unaosha sehemu moja, tuseme nusu ya boneti, unaikamulia na kuisuuza kwenye maji matupu, ndipo unarudi kwenye shampuu. Wavu huu unakaa chini ya ndoo ya kusuuzia na kuinuka sentimita chache. Unausugulia glavu, mchanga unashuka kwenye matundu na hautibuki tena. Ukiukosa, usisitishe kazi. Jaza ndoo vizuri na usifikishe glavu chini. Ukimaliza, iache ndoo ya kusuuzia itulie dakika 10, kisha mwaga maji taratibu. Ule mchanga utakaouona chini, kwa mtu wa ndoo moja, ungekuwa umerudi kwenye mlango wake.

Sabuni sasa. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa nguo. Ni kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, maji safi yakiwa 7) huwa kwenye 10 hivi, na ina chembe ambazo kwenye maji baridi haziyeyuki zote. Inaondoa nta iliyopakwa, inakausha mipira ya vioo, na inaacha weupe kwenye plastiki nyeusi za bampa. Iache. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haiui rangi kama watu wanavyodai, ila inang'oa nta. Ina siku moja ya kufaa: unapotaka kuondoa nta ya zamani ili upake mpya.

Shampuu ya gari inauzwa kwa povu, lakini kazi yake kubwa ni utelezi. Sugua matone mawili kati ya kidole na kidole, ukilinganisha na sabuni ya vyombo iliyochanganywa na maji kiasi kile kile. Hiyo inayoteleza muda mrefu ndiyo itakayobeba chembe bila kuikwamisha. Soma kipimo. Kikiandikwa 1:500, maana yake lita 10 za maji zinataka mililita 20; kikiwa 1:400 kwenye lita 16, ni mililita 40. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kifuniko chenye alama. Watu wanamimina kwa jicho, inazidi mara tatu, kisha wanalalamika gari limebaki na ukungu.

Bunduki ya povu. Kuna aina mbili, na muuzaji huenda asikwambie. Hii ya kufunga kwenye bomba la kawaida la bustani inatoa povu jepesi lenye majimaji, linatiririka kabla halijafanya lolote. Ile ya povu zito inahitaji mashine ya presha. Povu linalainisha uchafu, unaliacha dakika 3 hadi 5, kivulini, bila kukauka, halafu unasuuza. Ni kitu kizuri, lakini kinang'aa zaidi kwenye video kuliko kwenye rangi. Pampu ya kunyunyizia ya lita 5 au 8, ile ya kupampu kwa mkono, ikiwa na shampuu iliyochanganywa inafanya kazi ile ile kwa maji kidogo, na nyumba nyingi zetu hazina presha ya bomba ya kujivunia. Ila nunua mpya. Pampu iliyowahi kubeba dawa ya shamba isikaribie gari wala mikono yako. Kwa hiyo kwa pesa kidogo anza na glavu, ndoo ya pili, shampuu na taulo. Bunduki iwe ya mwisho.

Kama una mashine ya presha, tumia pua inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, mara nyingi ni nyeupe. Ile nyekundu ya nyuzi 0 usiiweke kabisa unapoosha gari. Simama kama sentimita 40 au 50 kutoka kwenye bodi. Na chunguza kwanza magari yetu yaliyotumika Japani ambayo klia imeanza kubanduka juu ya paa au boneti: maji ya presha yakiingia chini ya ukingo uliobanduka, yanaufungua kama ganda la kitunguu. Hapo tumia ndoo na kopo.

Kuosha kwenyewe. Gusa boneti kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto, subiri. Asubuhi mapema au saa 11 jioni ndiyo saa zake. Anza na rimu, kwa brashi na kitambaa chake peke yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma, na usipende kuzihamishia kwenye mlango. Kisha suuza gari zima kwa maji, kutoka paa kwenda chini, ukikaa zaidi sehemu za chini ya milango na nyuma ya matairi. Piga povu, subiri, suuza tena. Sasa ndipo glavu inaingia: paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwisho kabisa nusu ya chini na bampa. Uzito wa glavu yenyewe unatosha, usikandamize. Nenda kwa mistari iliyonyooka, si mviringo. Mkwaruzo ukitokea, ulionyooka unaonekana kutoka upande mmoja tu. Glavu ikianguka chini, imetoka kazini. Usiikung'ute ukaendelea. Chukua nyingine, au ioshe mpaka uridhike.

Kukausha ndiko rangi nyingi zinakoumizwa, maana mtu amechoka na anataka kumaliza. Taulo la maikrofaiba lina namba ya GSM, uzito wa gramu kwa mita moja ya mraba. Dukani utaambiwa "hili ni 1,200", basi lipime. Taulo la sentimita 60 kwa 90 ni mita za mraba 0.54, ukizidisha kwa 1,200 unapata gramu 648. Likiwa gramu 300 kwenye mizani, limepewa namba isiyo yake. Dogo la 40 kwa 40 la GSM 400 liwe gramu 64. Kwanza mwaga maji ya mwisho kutoka kwenye bomba bila pua, yatiririke kama shuka. Yataondoka na matone mengi. Kisha tandaza taulo juu ya paa, livute taratibu kwa ncha mbili. Pembeni bandika na uinue, usisugue. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, wasiache yakauke yenyewe, maana chokaa inabaki kama pete nyeupe. Zikishatokea, siki nyeupe kipimo kimoja na maji safi kipimo kimoja, kitambaa laini, dakika moja, suuza.

Sasa lile kosa linaloniumiza kuliko yote, na halihusiani na siku ya kuosha. Ni lile la kila asubuhi: gari limelala nje, lina vumbi, mtu anachukua kitambaa kikavu, au kile chenye unyevu kidogo, anafuta bodi nzima kabla ya kwenda kazini. Au dasta ya manyoya iliyofanya kazi hiyo tangu mwaka jana. Hapo hakuna maji, hakuna utelezi, ni mchanga na rangi. Mara sita kwa wiki. Nakuomba, futa vioo, vioo vya pembeni, taa na namba, kwa kitambaa chenye maji ya kutosha. Bodi iache na vumbi lake mpaka siku ya maji.

Kinyesi cha ndege kisisubiri. Kina asidi, na jua likikipikia rangi linaacha alama isiyofutika. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika 5 hadi 10, kisha kiinue. Usikisugue, ndege hula na mbegu na changarawe. Utomvu wa mwembe hivyo hivyo, ila kwa maji ya uvuguvugu na subira zaidi.

Taulo na glavu vioshwe peke yao, mbali na nguo za pamba, kwa sabuni ya maji na bila kile kimiminika cha kulainisha nguo, maana kinaziba nyuzi na taulo linaacha kunyonya. Anika kivulini, kung'uta likikauka, lihifadhi kwenye mfuko uliofungwa.

Na kama gari lako linaoshwa na vijana pale mtaani, mfuko huo huo uende nao. Usiende kumfundisha mtu kazi mbele ya wenzake. Mwambie, "Mdogo wangu, bodi naomba utumie glavu hii, rimu tumia kitambaa chako, na nisuuzie vizuri kabla hujagusa." Mwongezee kidogo kwa maji ya ziada atakayotumia.