Garden Rescue ya BBC: Bustani Inakabidhiwa Leo, Hukumu Ingoje

Kwa anayeishi Uingereza na mwenye ua nyuma ya nyumba yake, hata uwe mdogo kiasi gani, Garden Rescue ni kipindi kigumu kukikwepa. BBC One ilianza kukionyesha mwaka 2016, kwa kawaida saa za alasiri, na mpango wake ni mwepesi kueleweka: mwenye nyumba anaeleza anachokitaka na fedha alizo nazo, wabunifu wanamchorea bustani mbili tofauti, yeye anachagua mchoro mmoja, kisha timu inaingia kazini kuujenga. Charlie Dimmock amekuwapo tangu mwanzo, awali akishindana na ndugu wawili, Harry na David Rich, na baadaye wakaongezeka wabunifu wengine, miongoni mwao Arit Anderson, Flo Headlam, Chris Hull na Lee Burkhill.

Watazamaji wa umri mkubwa kidogo wanamjua Dimmock tangu Ground Force, kipindi kilichoonyeshwa kuanzia 1997 hadi 2005, ambamo yeye, Alan Titchmarsh na Tommy Walsh walikuwa wakiibadili bustani kwa siku mbili wakati mwenyewe ameondolewa nyumbani kwa hila ya jamaa zake. Kilipendwa mno, na umaarufu wake uliwafikisha hadi Qunu, Afrika Kusini, walikomtengenezea Nelson Mandela bustani ya kushtukiza, iliyoonyeshwa mwanzoni mwa mwaka 2000. Hata hivyo, kule kushtukiza kulikokuwa utamu wa kipindi ndiko kulikokuwa kasoro yake, kwa kuwa mtu alirudi akakuta ua wake umeamuliwa na wageni, na akatakiwa afurahi mbele ya kamera. Ndiyo sababu nchi nzima ilishikwa na homa ya majukwaa ya mbao ya kukalia na vijichemchemi, vitu vinavyokamilika kwa siku mbili na kupendeza kwenye picha, ilhali katika nchi yenye mvua na jua hafifu, mbao zilizolala kivulini hupata ukoga na kuwa na utelezi, na zile zisizotiwa dawa ipasavyo huoza.

Garden Rescue imeliponya tatizo hilo kwa njia rahisi kabisa: inamuuliza mwenye nyumba. Hili ndilo jambo ambalo watazamaji hulisifu zaidi, na wana haki. Kuona ua mmoja, wenye uzio uleule, jua lilelile na mteremko uleule, ukichorwa kwa namna mbili zisizofanana ni somo ambalo halipatikani kwa kutazama bustani iliyokwisha kukamilika. Mbunifu mmoja anaweka mahali pa kukaa mbali na nyumba kwa sababu ndiko jua la jioni linakofika. Mwingine anaiacha sehemu hiyo kuwa ya mimea na kuleta viti karibu na mlango wa jikoni, akisema hakuna atakayebeba chai umbali wa mita ishirini wakati wa upepo. Mara nyingi mchoro ulioshindwa ndio unaonivutia zaidi, na nimegundua kwamba si mimi peke yangu.

Lalamiko linalosikika kuliko yote ni la fedha. Mwanzoni mwa kipindi hutajwa maelfu kadhaa ya pauni, na mwishoni tunaonyeshwa sakafu mpya ya mawe, ukuta mfupi wa matofali, kivuli cha nguzo za mbao, taa na mti ambao tayari una umri wake. Aliyewahi kumwita fundi wa bustani aje amkadirie kazi ya namna hiyo anajua kwamba vifaa ni sehemu tu ya hesabu. Kuna kukodi mashine ndogo ya kuchimbua, kuna kontena la kuzolea taka, kuna udongo wa kuondolewa kwa tani, na kuna ujira wa mafundi kwa kila siku, ambao peke yake unaweza kuizidi bei ya mawe na mimea. Kipindi hakiyasemi haya kwa uwazi unaostahili. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji anamwendea fundi na tarakimu aliyoipata kwenye runinga, fundi anamtazama kana kwamba anafanyiwa mzaha, na wote wawili wanaachana kwa uchungu. Tiba yake haihitaji hata dakika moja ya ziada: orodha ya gharama kwenye kioo, vifaa upande mmoja na kazi upande wa pili, nasi tutajihukumia wenyewe.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, linahusu muda. Siku ya kukabidhi, mimea imesongamana kiasi kwamba udongo hauonekani, na kila mmea uko katika maua kwa sababu umetolewa kwenye chungu cha kitalu siku hiyohiyo. Watazamaji wasiolima huona uzuri. Wanaolima huanza kupiga hesabu. Haki itendeke, kwa kuwa kupanda kwa karibu si kosa kila mara: mimea ya kudumu isiyo na shina la mti hufunika ardhi upesi, hunyima magugu nafasi, na baada ya miaka mitatu au minne huweza kung'olewa na kugawanywa. Vichaka na miti ndivyo vinavyoleta kesi. Kichaka kitakachotanuka hadi mita mbili, kikipandwa nusu mita kutoka kwa mwenzake na mkono mmoja kutoka kwenye uzio wa jirani, kimeahidiwa msumeno tangu siku ya kwanza, na hakuna anayemwambia hivyo mwenye nyumba aliyesimama pale akilia kwa furaha.

Majira nayo yana neno lake. Kamera zinapenda miezi ya joto, kwa kuwa mwanga ni mwingi na maua yapo, lakini miti na vichaka vinavyouzwa mizizi yake ikiwa wazi, ambavyo ni nafuu zaidi, hupandwa kati ya Novemba na Machi, wakati mmea umelala. Anayepanda katikati ya Julai anajifunga kumwagilia hadi mvua zirudi, na nyasi za zulia zilizotandazwa siku hizohizo zinahitaji maji na wiki kadhaa za kutokanyagwa. Zege nayo huhesabiwa kufikia nguvu zake kwa takriban siku 28. Tena, chini ya yote hayo kuna udongo. Katika mitaa mipya mingi, mjenzi ameshindilia mfinyanzi kwa mashine nzito na kuzika vipande vya matofali, kisha akatandaza juu yake udongo mzuri wa kina cha kiganja. Bustani iliyojengwa juu ya kitu kama hicho bila kulegeza tabaka la chini itakuwa dimbwi majira ya baridi yakifika, hata iwe imechorwa na nani. Kipindi huligusa jambo hili kwa sentensi moja, wakati tungeweza kupunguziwa vicheko vya kubeba matoroli tukaonyeshwa shimo la majaribio likijazwa maji na kuhesabiwa saa yanazochukua kunywea.

Kuhusu ladha sitasema mengi. Wapo waliochoshwa na uzio uliopakwa rangi ya kijivu, wapo wanaoona mawe ni mengi na majani ni machache. Nyasi bandia zinawagawa watu vikali zaidi: wenye mbwa na watoto wadogo wanazitetea, wapenda bustani hawataki kuzisikia, na Royal Horticultural Society, chama kikuu cha wapenda bustani nchini, ilizipiga marufuku katika maonyesho yake, likiwemo lile maarufu la maua la Chelsea, London, mwaka 2022.

Miongoni mwetu Waswahili tunaokitazama kipindi hiki kuna malalamiko ya aina nyingine, ambayo sijawahi kuyasikia kwa Waingereza: mboga ziko wapi? Mama aliyekuja kumtembelea binti yake anatazama ua mzima ukigeuzwa kuwa maua, viti na meko ya kuchomea nyama, na haelewi ardhi hiyo inaliwaje. Swali lake si la kuchekesha hata kidogo, kwani sukuma wiki hustahimili baridi ya Uingereza vizuri sana na mchicha huota kiangazi pasipo taabu. Wabunifu huweka sanduku moja la mboga pembeni, dogo, kama la kuridhisha wageni.

Lipo pia jambo ambalo kipindi kingewasaidia watazamaji kulijua kabla hawajachukua sululu. Katika Uingereza yenyewe, yaani England, tangu Oktoba 2008, kusakafia zaidi ya mita tano za mraba za bustani ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji kunahitaji kibali, isipokuwa maji yameelekezwa mahali yanapoweza kunywea. Jukwaa lililoinuka zaidi ya sentimita 30 linahitaji kibali, na kwa kawaida uzio wa zaidi ya mita mbili pia, au zaidi ya mita moja ukipakana na barabara. Kuyataja haya si kuharibu burudani.

Ukikilinganisha na wenzake, kipindi hiki kinasimama vizuri. Your Garden Made Perfect, kilichoanza BBC Two mwaka 2021 kikiongozwa na Angela Scanlon, humvisha mwenye nyumba miwani ya kompyuta ili aitembee bustani kabla haijajengwa. Inavutia, ila bustani ya kompyuta haina konokono wala kivuli cha ghorofa ya jirani anayejenga. Love Your Garden ya ITV, ya Titchmarsh tangu 2011, huwapa bustani watu waliopitia magumu, na kwa hiyo ni vigumu kuikosoa bila kuonekana huna utu. Garden Rescue inahusu mtu wa kawaida mwenye fedha zake za kawaida, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Ninakipendekeza, kwa sharti kitazamwe kwa namna fulani. Nusu ya kwanza, pale wabunifu wanapouliza, wanapopima na kutetea michoro yao, itazame ukiwa na karatasi na kalamu. Dakika tano za mwisho unaweza kuziacha. Na kama kuna mtu BBC anayepanga msimu ujao, ombi la watazamaji wengi linaweza kutimizwa kwa bei ndogo kuliko kujenga bustani mpya: chagueni bustani za mwaka 2016 na 2017, mzirudie mwezi wa Februari, kwenye mvua, mtuonyeshe zilivyo.