Paleti ya rangi kwa websaiti ya biashara ndogo: anza na vitufe

Mama mkubwa alinipigia yuko stendi ya Moshi, saa saba mchana jua linawaka, kampata mteja anataka kilo tano za kahawa yangu, sasa wamefungua websaiti hawaoni pa kuagizia. "Mwanangu, hapa naona kijani tu." Nikamwambia bonyeza hapo hapo mama, pameandikwa Agiza kwa WhatsApp, akasema hakuna maandishi. Mteja basi lake likaondoka. Nikatoka nje na simu yangu nikasimama juani, na kweli, maandishi meupe yamepotelea kwenye kijani.

Na hiyo paleti nililipia jamani, laki mbili na nusu, kwa dizaina mmoja wa Arusha, nikapewa PDF ya rangi tano.

Kwa hiyo mambo ya bluu inaleta uaminifu sijui nyekundu inaleta njaa leo siyagusi, yameandikwa sana. Mimi nataka uangalie maandishi yaliyo NDANI ya kitufe. Aya za nyeusi juu ya nyeupe zina kontrasti (tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake) ya 21 kwa 1, pale hukosei. Kitufe ndo kinaleta hela na ndo watu hawakipimi.

Mwongozo wa WCAG, unaosema websaiti isomeke na kila mtu, wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Nyeupe juu ya kijani cha WhatsApp, kodi 25D366 (yaani namba ya rangi kwenye kompyuta), inapata kama 2 tu. Weka maandishi meusi kwenye kijani hicho hicho, inapita 10! Nyekundu kali FF0000 juu ya nyeupe, ile watu wanaandikia OFA, inaishia 4, haifiki 4.5 ya maandishi ya kawaida. Kijivu cha mwisho kinachopita juu ya nyeupe ni 767676, ukipausha zaidi ya hapo umefeli.

Sasa nikipanga njia za kupata na kupima rangi, kuanzia ninayoipenda zaidi:

1. Adobe Color. Hii ndo yangu na siibadilishi. Ni bure kwenye brauza, unapandisha picha (mimi nilipiga buni zangu zilizokaangwa) inakutolea rangi, halafu ina sehemu ya kupima kontrasti na nyingine ya kuangalia kama asiyetofautisha nyekundu na kijani ataziona rangi zako sawa. Hapo nilipata kahawia 4E342E, juu ya nyeupe inagonga 11.

2. WebAIM Contrast Checker. Haikutengenezei paleti, unaingiza kodi mbili inakwambia umepita au umefeli. Nyepesi, hata bando likiwa la mwisho mwisho inafunguka.

3. Dizaina wa kulipia. Sawa, ila akupe namba ya kontrasti kwa kila rangi na maandishi yake.

4. Coolors na templeti za bure. Unabonyeza spesi zinakuja rangi tano nzuri, ila lazima urudi namba 2 ukapime.

Kinachoniuma ni hawa wa namba 3. Nilipomrudia yule dizaina akaniambia kubadilisha rangi ya maandishi ni kazi mpya, elfu themanini. Kazi mpya vipi wakati kitufe hakijawahi kusomeka? Ukimbana anakujibu kwenye laptopu yake inaonekana vizuri, ndio, amekaa ndani kafunga pazia, wateja wetu wako stendi, wako sokoni, simu kioo kimepasuka na mwanga umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Nimebadilisha mwenyewe, dakika kumi.

Kabla hujatuma advansi mwambie akutumie skrinshoti ya kila kitufe na namba yake ya kontrasti pembeni, kitufe cha kulipia, cha kupiga simu, cha WhatsApp, vyote. Akisema hizo namba hazijui, usitume hela.