Sefaria na chui wa Yehuda ben Teima: tathmini ya maktaba ya bure

Sefaria ni maktaba ya maandiko ya Kiyahudi inayosomwa bure kwenye tovuti na kwenye programu ya simu. Waliianzisha Joshua Foer na Brett Lockspeiser mwaka 2011, na inaendeshwa na shirika lisilotafuta faida. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: je, inamfaa mtu anayetaka kujua Uyahudi unafundisha nini juu ya kushika msimamo wako pale watu wanapokucheka? Inamfaa sana, mradi ajue pa kuanzia.

Anza na Pirkei Avot, mkusanyo wa misemo ya walimu wa kale wa Kiyahudi: andika Pirkei Avot 5:20 kwenye kisanduku cha kutafutia. (Vitabu vingine vya sala huipa namba 5:23, kwa hiyo usishangae.) Yehuda ben Teima, mmoja wa walimu hao, anasema: uwe shupavu kama chui, mwepesi kama tai, mwenye mbio kama paa na mwenye nguvu kama simba, ili utende mapenzi ya Baba yako aliye mbinguni. Msomaji wa haraka huishia hapo, na hapo ndipo anapopotea. Maneno yanayofuata yanasema mwenye uso mkavu huenda Jehanamu, na mwenye haya huenda bustani ya Edeni. Kwa Kiebrania neno ni lilelile, az: limetumika kwa chui, likatumika tena kwa huyo mkavu wa uso. Tafsiri za Kiingereza kwa kawaida huweka maneno mawili tofauti, na fundo lenyewe halionekani. Washa Kiebrania na tafsiri kwa pamoja tangu mwanzo.

Fundo hilo linafunguliwa na sehemu bora kuliko zote ya Sefaria, yaani safu ya pembeni. Fungua Shulchan Aruch, Orach Chaim 1:1, kitabu cha sheria cha Yosef Karo kilichochapishwa mara ya kwanza Venice mwaka 1565. Maelezo ya Moshe Isserles wa Krakow yamo ndani ya kifungu hichohicho: yanaanza na Zaburi 16:8, na kabla hayajaisha yanasema mtu asione haya mbele ya wanaomdhihaki kwa kumtumikia Mungu. Sasa gusa kifungu, chagua wafafanuzi, kisha Mishnah Berurah ya Yisrael Meir Kagan. Yeye anaongeza neno dogo lenye uzito: pamoja na hayo, usigombane nao.

Usiishie hapo. Ingia Biur Halacha, kazi nyingine ya Kagan huyohuyo, nayo inatenganisha mambo mawili. Ukichekwa kwa amri unayoitimiza wewe mwenyewe, endelea nayo kimya. Lakini wakitokea watu wanaotaka kupitisha taratibu za mji zitakazowatoa wenzao katika njia ya Mungu, nawe ukaanza kwa amani wasisikie, hukumu inabadilika: hapo kupambana nao ni wajibu. Kwa kitabu cha karatasi, kufuata mnyororo huo kunahitaji kabati zima na mtu wa kukuongoza. Hapa ni miguso michache tu ya kidole.

Mahali pa pili pa kwenda ni Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, sehemu ya Eduyot 5:6 na 5:7, na lazima zisomwe pamoja. Akavia ben Mahalalel aliahidiwa cheo kikubwa cha mahakama iwapo angeacha kauli zake nne za sheria. Alikataa, akisema ni heri aitwe mpumbavu siku zake zote kuliko kuwa mwovu saa moja mbele za Mungu. Lakini alipokaribia kufa alimwagiza mwanawe aziache kauli hizohizo: yeye alizipokea kutoka kwa wengi, mwana amezisikia kwa mtu mmoja. Anayesoma 5:6 peke yake atatoka na ukaidi mtupu.

Kasoro zipo. Hakuna Kiswahili, vitufe na menyu ni kwa Kiingereza au Kiebrania, na wafafanuzi wengi hawajatafsiriwa. Baadhi ya tafsiri ni za watu wa kujitolea, kwa hiyo angalia jina la toleo kabla ya kunukuu. Namba za sura nazo husumbua: Danieli kusali dirisha likielekea Yerusalemu ni 6:10 katika Biblia nyingi za Kiswahili, ila kwenye Sefaria ni 6:11.

Intaneti ikiwa ya kukatika, pakua vitabu kwenye simu mapema. Chagua vile unavyohitaji tu, maana maktaba nzima hujaza nafasi. Na kwa kuwa Myahudi mshika sheria hagusi simu siku ya Sabato, tengeneza karatasi ya vifungu humohumo kwenye tovuti na uichapishe Ijumaa kabla jua halijazama. Desturi ya wengi ni kusoma sura moja ya Avot kila Sabato alasiri baada ya Pasaka. Sura ya tano, yenye chui wetu, huangukia Sabato ya tano.